Shati la Meneja

Wewe umewahi kumpima tumbili shati? Usicheke. Yupo mwanamke aliyempima: kifua, bega, urefu wa mkono na urefu wa mgongo, akaviandika kwa chaki pembeni ya meza yake kama anavyoandika vipimo vya mteja yeyote. Kaa nikueleze ilikuwaje mpaka akafika huko.

Mwanamke huyo alikuwa fundi cherehani, na watu wote wa jengo lile walimwita Fundi, hata mumewe. Walikaa juu kabisa, kwenye paa la zege la nyumba ya ghorofa, katika chumba kimoja kilichojengwa kando ya matangi ya maji. Chumba kile hawakukilipia kodi. Mumewe ndiye aliyekuwa mtunza nyumba: anafagia ngazi, anawasha pampu, anazibua mabomba, anabadilisha taa zilizoungua. Chumba kilikuja na kazi. Kazi ikienda, na chumba kimekwenda.

Mume alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mabega yaliyoinama kidogo kwa kupita kwenye milango mifupi. Hakuwa na neno jingine mdomoni zaidi ya sawa. Mpangaji akimwita aje asogeze kabati, sawa. Akimaliza kulisogeza aambiwe alirudishe lilipokuwa, sawa. Kinyozi aliyekuwa na kibanda chake chini, pembeni ya ngazi, mtu ambaye ulimi wake ulinyoa kuliko wembe, alimbandika jina la Bwana Sawa, na jina likaganda.

Mtu wa tatu kwenye kile chumba alikuwa mama yake Bwana Sawa. Aliletwa mjini baada ya magoti kumgomea. Kila asubuhi alitoka na kigoda chake, akanyoosha miguu kwenye jua, akayapaka magoti mafuta taratibu kama mtu anayelainisha bawaba za mlango.

"Mkwe," alikuwa akimwambia Fundi, "hili jua la hapa juu ni dawa. Nikihamishwa hapa nihamishwe nimelala."

Fundi naye alikuwa na sababu zake za kulipenda paa. Cherehani yake ilikaa chini ya kipande cha bati mbele ya chumba, mwanga ulikuwa mwingi, aliweza kutunga uzi mweusi kwenye sindano bila kukunja macho. Nguo za shule, mapazia, suruali za kupunguza kiuno, vyote vilipandishwa kwake. Alikuwa na tabia moja iliyompa jina zuri: nguo ya mtoto hakuikata ikakwisha. Aliacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, akakikunja vizuri, ili mwaka ujao mama wa mtoto afumue na kuongeza. Akiba, alikiita. Hata mama asipoomba, akiba iliwekwa.

Sasa, nyuma ya jengo palikuwa na miti mikubwa, ya zamani kuliko jengo lenyewe, na ndani ya miti ile waliishi tumbili. Walikuwa na mambo yao, watu walikuwa na yao. Kisha mwenye nyumba, ambaye wote walimwita Tajiri, akataka kujenga maghala pale. Wakaja watu wa misumeno. Tumbili walikaa juu ya ukuta wakitazama miti ikilala mmoja baada ya mwingine, na mti wa mwisho ulipolala wakatafuta sehemu nyingine ya juu. Wakaliona paa.

Walikuwa ukoo mzima. Waliinua mifuniko ya matangi wakaoga kwenye maji ya kunywa. Walikalia nyaya za televisheni zikakatika. Waliingia madirishani. Nesi wa ghorofa ya tatu alirudi kutoka kazini akakuta mmoja amekaa kitandani kwake, amekunja nne, anakula sabuni.

"Hata hakushtuka," nesi alilalamika kwa kinyozi. "Ameniangalia kama mimi ndiye nimeingia kwake bila hodi."

"Dada nesi, labda alikuja kupimwa presha."

"Wewe cheka tu. Siku wakikunywea mafuta ya nywele nitakuja kucheka mimi."

Hakuna mpangaji aliyetaka tena kuanika nguo juu, wala kupanda huko hata kupunga upepo. Paa likawa la tumbili na la wale watatu tu. Fundi alizoea kushona huku fimbo ikiwa imeegemea mguu wa cherehani.

Matumbo ya wapangaji yalipoanza kuwasokota kwa sababu ya yale maji, Tajiri akaja mwenyewe. Alipanda ngazi zote akihema, akasimama katikati ya paa, akaviangalia vinyesi, mifuniko iliyovunjika, na tumbili waliojipanga ukutani kama watu wanaosubiri mkutano uanze.

"Nimekupa kazi gani hapa?" akamuuliza Bwana Sawa.

"Kutunza nyumba, Tajiri."

"Hii imetunzwa? Mwisho wa mwezi nikiona mkia hata mmoja, unga wako umemwagika. Utafute pa kumlaza mama yako."

"Sawa, Tajiri."

Siku zilizofuata Bwana Sawa alijaribu kila kitu. Alipiga madebe, alichoma matairi, aliweka sanamu ya mtu mwenye kofia. Tumbili waliichukua kofia. Hapo ndipo mama yake alipolitoa lile wazo, mchana, watu kadhaa wakiwa pale juu kuangalia tangi lililopasuka, kinyozi na nesi wakiwemo.

"Kule shamba," mama alisema, mkono ukiendelea kusugua goti, "tulikuwa tunamkamata mmoja, tena mdogo, tunampaka chokaa mwili mzima, tunamwachia. Wenzake wakimwona wanadhani shetani. Wanakimbia. Yeye naye anawakimbilia, si ndugu zake? Kadiri anavyowafuata ndivyo wanavyozidi kwenda. Anakufukuzia kundi zima na mshahara hataki."

Watu wakacheka. Kinyozi akatikisa kichwa.

"Chokaa mvua ikipiga mara moja imekwisha. Huyu avishwe. Avishwe shati jekundu, lenye vikengele. Na fundi tunaye, si huyu hapa? Shemeji, unashonea watu wasio na shukrani kila siku, hutashindwa kumshonea huyu."

Wote wakamgeukia Fundi. Alimtazama mumewe, akaendelea kumtazama hata kicheko kilipoisha, na kila aliyekuwepo aliona kwamba anamsubiri yeye. Bwana Sawa alikuwa ameshika ufagio. Akauchunguza ufagio ule kama kitu kigeni.

"Sawa," akasema.

Walitumia kreti la mbao lenye mlango wa kuanguka, na ndani yake nusu mkate uliochovywa kwenye maji ya sukari. Wakubwa walilizunguka wakalinusa wakaliacha. Aliyeingia alikuwa mtoto, dume dogo lililoacha kunyonya karibuni. Mlango ulipoanguka mama yake alikuja akalikalia kreti juu, akapenyeza vidole kwenye mbao, na ilibidi atolewe kwa fimbo.

Walimtia kwenye gunia wakamtoa kichwa na mikono. Kinyozi alishika mikono, Bwana Sawa alishika kiuno. Fundi alipitisha futi kifuani. Alieleza baadaye kwamba mapigo yalikuwa yanaisukuma futi, yanaisukuma, hata namba hakuweza kuzisoma mara ya kwanza. Tumbili hakuuma. Alikuwa amefumba macho.

"Muwekee na kola," kinyozi alisema. "Shati bila kola ni singlendi. Na mfuko wa kalamu."

"Atakua huyu," Fundi alisema. "Niache akiba."

"Ukiacha nafasi ataingiza vidole alichane," Bwana Sawa alijibu. Hakumwangalia usoni. "Bana, mke wangu. Limbane kabisa."

Akashona. Kitambaa kilikuwa kipande chekundu kilichobaki kwenye mapazia ya ukumbi fulani, kigumu, kisichochanika kwa mkono wa mtu mzima. Na kwa kuwa Fundi hakujua kushona vibaya, alishona vizuri. Kola ilisimama. Mfuko ulikaa pale mfuko unapokaa. Vikengele alivitia chini ya pindo, kimoja kimoja. Mgongo aliuacha wazi, akamvisha, kisha akaufunga kwa mkono juu ya mwili wake, mshono wa kurudi nyuma, uzi uliopakwa nta mara mbili. Kila alipochoma sindano ngozi ya mgongo ilitetemeka, ingawa sindano haikumgusa hata mara moja. Alipofika shingoni akakata uzi kwa meno.

"Meneja huyo," kinyozi alisema. "Mwachieni aende kazini."

Ndugu zake walikuwa ukutani. Alipofunguliwa aliwakimbilia moja kwa moja, kwa miguu yote minne, na vikengele vikaanza. Ukoo mzima ukaruka. Walipita juu ya nyaya, juu ya maghala mapya, wengine wakigongana, na yeye nyuma yao analia kwa sauti ya mtoto anayeachwa sokoni. Mama yake peke yake ndiye aliyebaki. Alisimama ukingoni akamsubiri, akanyoosha shingo, akanusa. Kisha mtoto akamrukia tumboni, vikengele vikalia chini ya kidevu chake, na yule mama akamng'ata sikio hadi kipande kikatoka, akamtupa, akakimbia.

Wapangaji waliokuwa madirishani walipiga makofi. Nesi alikuwa amechukua picha kwa simu, lakini mkono ulitikisika kwa kucheka na picha haikuonyesha kitu zaidi ya wekundu.

Kundi lile halikurudi tena. Wengine walisema limeonekana huko kwenye viwanda, wengine kwenye stesheni ya mizigo. Bwana Sawa alisugua paa lote kwa sabuni na dawa, akapaka matangi rangi, akaweka mifuniko mipya. Mwisho wa mwezi Tajiri alipanda, akatazama pande zote, akasema, "Hapo sasa." Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Usiku ule walilala usingizi wa watu wenye kwao.

Lakini Meneja alirudi. Aliwafuata ndugu zake mpaka akachoka kuwafuata, na duniani pote palibaki viumbe wa aina moja tu ambao hawakukimbia vile vikengele. Basi akarudi kwao. Watu wa jengo walifurahi kumwona. Kila asubuhi kinyozi alimsalimia kutoka chini, "Meneja, umeingia kazini? Leo umechelewa, nakukata mshahara." Walimrushia maganda ili wamwone anavyoruka na kola yake. Walimtia kalamu mfukoni wakampiga picha. Nesi alimwita mpaka dirishani kwa kipande cha mkate, na aliposogea zaidi ya alivyotaka, akammwagia maji ya chai yaliyobaki kwenye birika. Hayakuwa ya moto sana, alisema.

Na Meneja akakua. Hilo hakuna aliyelifikiria isipokuwa yule aliyetaka kuacha akiba. Mikono ya shati ikapanda hadi kwenye viwiko. Vifungo vya uongo vya mbele vikaanza kutazama pembeni. Makwapani kitambaa kiliingia kwenye nyama, nyama ikavimba kandokando yake, na akawa anatembea mkono mmoja ameuweka mbali na mwili kama mtu aliyebeba ndoo. Harufu ilimtangulia. Watu wakaacha kumpiga picha.

"Linamkata," Fundi alimwambia mumewe. Alikuwa anashona, hakusimamisha mashine. "Nikifumua ubavu mmoja tu, atapumua."

"Akilivua, wenzake watamjua tena. Wakimjua watarudi naye. Wakirudi?"

Fundi akaisukuma nguo chini ya sindano.

"Nakuuliza, mke wangu. Wakirudi, mama nitamlaza wapi?"

"Nimesikia."

"Hata mimi simfurahii vile alivyo."

"Nimesema nimesikia."

Lakini saa za mchana, mumewe akiwa chini kwenye pampu, alianza kumzoesha. Aliweka viazi vya kuchemsha karibu na mguu wa cherehani, kila siku karibu zaidi. Meneja alikuja akapakata kiazi akala akiwa amempa mgongo, kwa sababu mgongoni ndipo palipomuuma, na wanyama nao wanajua kumwonyesha mtu panapouma. Fundi alifumua mshono mmoja. Kesho yake miwili. Uzi ulikuwa umezama, ilibidi auinue kwa ncha ya kifumulio, na usaha ulitoka pamoja nao. Meneja alikuwa anasaga meno lakini hakuondoka. Sauti ya vikengele ilikuwa ndogo sana, kwa vile alivyokaa kimya.

Mama aliona yote kutoka kwenye kigoda.

"Mkwe, unafungua mlango wa nyumba," akasema.

"Mama, huoni anavyooza?"

"Naona. Macho yangu hayana ugonjwa. Na magoti yangu nayaona vilevile."

Hakusema zaidi, na Fundi akadhani ameelewa. Jioni, mwanawe alipokuwa anakula, mama akamwambia: mkeo anamfumua Meneja, ameshafika katikati ya mgongo. Bwana Sawa akaendelea kutafuna. Fundi alikuwa pale pale, anamimina chai, na yeye hakukana.

Labda mambo yangeishia hapo, maana Bwana Sawa hakumgombeza mkewe. Ila nesi alikuwa ameshapeleka malalamiko. Alimpigia Tajiri simu, akamwambia kuna mnyama mwenye kidonda juu ya vichwa vya watu, anaingia kwenye madirisha yenye watoto, na yeye kama mtu wa hospitali hawezi kunyamaza. Tajiri akampigia Bwana Sawa asubuhi.

"Amebaki mmoja, nasikia."

"Amebaki, Tajiri."

"Leo."

"Sawa, Tajiri."

Bwana Sawa alijua pa kumkuta, na saa ya kumkuta. Hakuhitaji mtego safari hii. Alipanda ngazi bila viatu, na kipande cha bomba la chuma, lile alilotumia kuzibulia mifereji. Meneja alikuwa amekaa kati ya miguu ya Fundi, kichwa amekiinamisha kwenye kiazi, mgongo amempa. Fundi alikuwa amefika kwenye kola. Imebaki mishono michache, alikuwa akimwambia kwa sauti ya chini, tulia, imebaki michache, mwanangu. Mama kwenye kigoda alimwona mwanawe akija, akageuza uso upande wa jua.

Pigo la kwanza lilitua begani na kifumulio kikamruka Fundi mkononi. Meneja hakukimbia. Hilo ndilo Fundi hakuweza kulisahau: hakukimbilia ukutani, alimkimbilia yeye, akajificha chini ya sketi yake, akashika mguu wake kwa mikono miwili. Bwana Sawa alimvuta kwa mkia. Ilibidi apige tena, na tena, kwa sababu hakuwa mtu aliyezoea kuua, na mkono wake ulikuwa unakosea. Vikengele vililia mpaka mwisho. Kisha akamtia kwenye mfuko wa saruji, akashuka naye, akarudi na ndoo ya maji na dawa, akasugua zege pale chini ya cherehani huku Fundi amekaa vilevile, miguu ameinua ili apite na brashi.

"Ilikuwa lazima," akasema.

Fundi hakumjibu siku ile, wala iliyofuata. Alipika, alishona, alimpaka mama mkwe mafuta ya magoti. Kinywa tu ndicho alichofunga.

Haukupita muda Tajiri akapanda tena. Safari hii hakuwa peke yake, alikuwa na mwanamume nadhifu na mkewe, wapangaji wa kesho. Aliwatembeza kwenye paa lililosuguliwa, akawaonyesha mji ulivyolala chini, matangi yenye rangi mpya, na upepo.

"Hapa napandisha ukuta, naweka vioo," alikuwa anawaambia. "Vyumba viwili na baraza. Zamani hata bure mtu asingekaa hapa, palikuwa na tumbili. Sasa ni pasafi, mnaona wenyewe." Kisha akamgeukia mtunza nyumba, kwa uso mzuri kabisa, bila hasira yoyote. "Nyinyi mtahamia kile chumba cha pampu, chini ya ngazi. Tena utakuwa karibu na kazi yako. Jumamosi pawe wazi."

Mama alikuwa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha kwenye jua. Akamwangalia mwanawe. Fundi pia akamwangalia. Chumba cha pampu hakikuwa na dirisha, na sakafu yake haikukauka mwaka mzima.

"Sawa, Tajiri," akasema.

Wageni walipokwisha kushuka, Fundi akaanza kufungua cherehani kutoka kwenye meza yake. Bwana Sawa akaja kushika upande wa pili, maana ilikuwa nzito. Waliinua pamoja, wakasimama nayo mikononi, uso kwa uso, na yeye hakuwa na ufagio wa kuutazama.

"Sema basi," akamwambia. "Nitukane. Nilifanya yote ili tubaki na chumba, na mama abaki na jua lake. Nisingefanya, tungetolewa. Nimefanya, tumetolewa. Wewe ulitaka nifanye nini?"

Fundi akaiweka cherehani chini upande wake, naye ikambidi aiweke upande wake.

"Nilitaka ukatae," akasema. "Siku ile waliponigeukia wote, nilitaka useme hapana. Hata tungelala barabarani. Nilitaka nikusikie unasema hapana kwa ajili yangu."